Cheti Kisichokaa Kabatini: Uhakiki wa Istilahi za Vyeti vya Tovuti

Madhumuni ya makala haya ni kuhakiki istilahi chache zinazoeleza jambo moja la kiufundi lililokwisha kuingia katika ofisi zetu bila kupiga hodi, nalo ni vyeti vya usalama wa tovuti vinavyotolewa bila malipo na kuhuishwa na kompyuta yenyewe. Hatukusudii kumfundisha fundi kazi yake. Tunataka kuuliza swali ambalo mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali hawana budi kuliuliza: je, maneno tuliyoyachagua yanamwongoza msikiaji kutenda lililo sahihi, au yanampoteza?

Mizani yetu itakuwa ofisi za Kibaha na Kisarawe, katika Mkoa wa Pwani. Kibaha ndiyo makao makuu ya mkoa, na ndipo lilipo Shirika la Elimu Kibaha, ambalo chimbuko lake ni mradi ulioanzishwa mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nordiki. Kisarawe ni wilaya ya misitu, mikorosho na mihogo, jirani kabisa na Dar es Salaam. Halmashauri za pande zote mbili zina tovuti chini ya kikoa cha serikali, kile kinachoishia na go.tz. Hatukuzichagua kwa kuwa zina kasoro. Tumezichagua kwa kuwa huko kazi hufanywa kwa Kiswahili tangu asubuhi hadi jioni, na istilahi isiyoeleweka Mlandizi wala Maneromango haijawa istilahi ya taifa, hata kama imekwisha kupitishwa na kamati.

1. Jambo lenyewe

Mtu anapofungua tovuti, kompyuta au simu yake huzungumza na kompyuta nyingine iliyo mbali, iitwayo seva. Mazungumzo hayo hupita katika mitambo mingi njiani. Kwa hiyo pana haja mbili: kwanza, maneno yafumbwe yasisomwe na wapitanjia, pili, msomaji ahakikishiwe kwamba anayezungumza naye ndiye mwenye anwani ile. Cheti hutimiza haja ya pili, na kwa njia hiyo huiwezesha ile ya kwanza. Ndani yake mna jina la tovuti, ufunguo wake wa wazi, tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, pamoja na sahihi ya kidijiti ya mtoaji anayeaminiwa na vivinjari.

Zamani vyeti hivi aghalabu viliuzwa, na maombi yake yalishughulikiwa kwa mkono. Mwaka 2014 ilitangazwa huduma ya Let's Encrypt, inayoendeshwa na shirika lisilo la faida la Marekani liitwalo Internet Security Research Group, na Desemba 2015 ikafunguliwa kwa watu wote. Vyeti vyake havina ada, na kwa desturi vimekuwa vya siku 90 tu. Utaratibu wa kuviomba, uitwao ACME, ulitolewa kama kanuni ya intaneti Machi 2019. Zipo programu zinazoufuata, kama Certbot na acme.sh, hii ya pili ni skripti tupu, yaani amri zilizoandikwa kwa mfuatano. Skripti huomba cheti, hujibu jaribio la mtoaji, hupokea cheti, hukiweka mahali pake, na kuiagiza seva ikisome. Ratiba ya kompyuta huiita kila siku. Ikikuta siku za cheti zimebaki chache, hutwaa kingine.

Mambo yanazidi kwenda mbio. Aprili 2025 jukwaa la watoa vyeti na watengenezaji wa vivinjari, CA/Browser Forum, liliamua kupunguza ukomo wa vyeti uliokuwa siku 398: siku 200 kuanzia tarehe 15 Machi 2026, siku 100 kuanzia tarehe 15 Machi 2027, na siku 47 kuanzia tarehe 15 Machi 2029. Kwa kipimo hicho cha mwisho, hata ofisi itakayongoja mpaka siku ya ukomo itahitaji vyeti vinane kwa mwaka. Tena Juni 2025 Let's Encrypt iliacha kutuma barua pepe za kuwakumbusha watu kwamba vyeti vyao vinakaribia kwisha. Binadamu ameondolewa katika kazi ya kuomba. Amebakiwa na kazi ya kusimamia. Lakini maneno yetu bado yanamweka dirishani, akisubiri kupigiwa muhuri.

2. Cheti cha usalama

Katika maisha ya Mtanzania cheti ni kitu cha kudumu. Kuna cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, cheti cha kidato cha nne. Hutiwa katika karatasi ya plastiki, hufungiwa kabatini, na kutolewa nakala inapohitajika. Mtumishi akiambiwa kwamba tovuti ya ofisi imepata cheti, atashukuru na kulifunga jalada. Miezi mitatu baadaye kivinjari kinaikataa tovuti na kutoa onyo. Mwananchi aliyekuja kutafuta fomu ya leseni ya biashara anashtuka; kijana wa duka la steshenari anamwonyesha mahali pa kubonyeza ili aendelee. Hasara kubwa iko hapo. Mtu aliyezoezwa leo kupuuza onyo lisilo na mwizi, kesho atapuuza lenye mwizi.

Je, tuliache neno cheti? Hapana. Neno hili asili yake ni Kihindi, na maana yake ya awali ni barua fupi, kikaratasi cha kupeleka habari. Maana hiyo haijafa: mgonjwa bado hupewa cheti cha daktari apeleke dirisha la dawa, na kazi yake huisha siku ile ile. Shule na ofisi ndizo zilizolipa neno hili sura ya kudumu. Kosa basi si la jina peke yake. Ni la vitenzi tunavyolifunga navyo. Tunasema kupata cheti, kutunukiwa cheti, kuhifadhi cheti. Istilahi hii inataka vitenzi vingine: kuhuisha, kukagua, kubatilisha.

Kisarawe wanao mfano bora kuliko kamusi. Mfanyabiashara anayetoa mkaa katika wilaya hiyo hupaswa kuwa na kibali cha kusafirishia mazao ya misitu. Kibali hicho hutaja mwenye mzigo na mahali unakokwenda, kina siku zake, na hukaguliwa kizuizini na mtu ambaye si yeye aliyekitoa, lakini anautambua muhuri wake. Hakuna anayekitundika ukutani. Wala hakisemi kama mkaa ni mzuri au umejaa vumbi. Mwalimu anayetaka kueleza cheti cha tovuti aanze na kibali cha mkaa; asianze na cheti cha kuzaliwa.

Mfano huo unatufikisha kwenye neno usalama. Cheti cha kawaida kitolewacho bila ada huthibitisha jambo moja tu, kwamba aliyekiomba anaitawala anwani ile. Tapeli aliyesajili anwani inayofanana na ya benki naye atakipata, na mazungumzo yake na mhanga wake yatafumbwa barabara. Wananchi waliofundishwa kuangalia alama ya kufuli ili wajue tovuti ni salama walifundishwa nusu ya somo. Mwaka 2023 Google waliiondoa alama ya kufuli katika kivinjari cha Chrome, kwa kuwa watu wengi waliichukulia kama alama ya uaminifu. Ikiwa picha imepoteza watu, neno litapoteza zaidi. Tunapendekeza cheti cha utambulisho wa tovuti badala ya cheti cha usalama.

3. Bure, mamlaka na changamoto

Maneno haya matatu yana sifa moja: kila moja ni sahihi katika kamusi, na kila moja hukosea ofisini.

Tuanze na bure. Kiswahili kimelipa neno hili maana mbili zinazopingana kimyakimya: kisicho na bei, na kisicho na faida. Ndiyo maana tunasema kazi bure, maneno ya bure, kujisumbua bure. Mhasibu anayesoma katika dokezo kwamba tovuti itatumia cheti cha bure ana haki ya kuuliza kwa nini ofisi ya umma itumie kitu duni. Na jibu ni kwamba ufumbaji wa mawasiliano hauwi dhaifu kwa sababu cheti hakikununuliwa. Tuandike cheti kisicho na ada, au kitolewacho bila malipo.

Pili, mamlaka ya vyeti. Nchini Tanzania mamlaka ni chombo cha sheria: Mamlaka ya Mapato, Mamlaka ya Mawasiliano, Mamlaka ya Serikali Mtandao iliyopewa nguvu na Sheria Na. 10 ya mwaka 2019. Karani akisoma kwamba mamlaka ya vyeti imeikubali tovuti, atatafuta sheria iliyoiunda na waziri anayehusika nayo. Hatawaona, kwa sababu mtoaji ni shirika ambalo nguvu yake yote inatokana na kuaminiwa na watengenezaji wa vivinjari. Wakiacha kumwamini, vyeti vyake havifai kitu. Neno mtoa vyeti linatosha, nalo halijivishi joho lisilo lake.

Tatu, changamoto. Katika utaratibu wa ACME, mtoa vyeti humwambia mwombaji: kama anwani ni yako kweli, weka maneno haya niliyokupa katika faili mahali fulani, au katika kumbukumbu za kikoa chako, nami nitakuja kuyatazama. Kwa Kiingereza hatua hiyo huitwa kwa neno ambalo sisi, kwa mazoea, hulifasiri changamoto. Lakini changamoto katika Kiswahili cha mikutano imekuwa jina la heshima la tatizo. Afisa akiripoti kwamba cheti kina changamoto, mkuu wake ataelewa kwamba mambo yameharibika, kumbe ndiyo kwanza yanakwenda vizuri. Tuseme jaribio la umiliki. Tena lina faida ya vitenzi: mwombaji hufaulu au hushindwa jaribio, hakuna anayefaulu changamoto.

4. Skripti ya sheli

Mfasiri anayelifuata neno la Kiingereza kwa kamusi mkononi atafika kwenye ganda, gamba au kombe, kisha atajikuta ameandika jambo linalofaa zaidi kwa wavuvi. Mwingine atatohoa na kuandika skripti ya sheli. Lakini Tanzania nzima sheli ni kituo cha mafuta. Kibaha, mji uliokaa juu ya barabara ya Morogoro, mtu ukimwambia kwamba cheti cha halmashauri kinahuishwa na skripti ya sheli, atafikiri mwenye kituo cha mafuta ameingia ubia na serikali.

Tulipima pia andiko la amri, kwa kuwa andiko la mradi limezoeleka maofisini. Umoja wake ni mzuri, ila wingi wake, maandiko ya amri, unasikika kama msahafu. Tunaona heri skripti ibaki peke yake kwa mafundi, na mahali pa kumweleza asiye fundi paandikwe mfuatano wa amri. Sheli iachwe kwa wauza mafuta.

Kuhusu kujiendesha, onyo moja. Watu husema cheti kinajihuisha. Si kweli. Cheti kikishatiwa sahihi hakibadiliki hata nukta, wala hakirefushwi muda. Kinatolewa kingine mahali pake. Anayehuisha ni skripti, na skripti ina mwenyewe. Seva ikihamishwa, au njia ya jaribio ikizibwa, skripti itashindwa kimya kimya mpaka siku ya ukomo ifike. Kitenzi kijirejeshi kimemfuta mwajibikaji katika sentensi, na baadaye atatafutwa katika kikao.

5. Pingamizi

Yapo maoni kwamba mambo haya ni ya wataalamu wachache wanaoelewana kwa Kiingereza, basi tuwaache. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, kazi ya istilahi ilikuwa na nafuu moja: maneno kama fungua, hifadhi na futa humwonyesha mtumiaji tokeo lake papo hapo, na neno baya hujulikana mara moja. Cheti hakionekani. Neno lake likiwa baya, kosa hujitokeza miezi mitatu baadaye, wakati aliyelitumia amekwisha kuhamishwa.

Na uhamisho ndio hasa unaotuhusu. Afisa anapotoka Kisarawe kwenda Kibaha, anachomwachia mwenzake ni taarifa ya makabidhiano, na taarifa hiyo huandikwa kwa Kiswahili. Linganisha sentensi hizi mbili. Ya kwanza: «Tovuti ina cheti cha usalama cha bure kinachojihuisha.» Ya pili: «Cheti cha utambulisho wa tovuti hutolewa bila ada kwa siku 90, skripti iliyo katika seva hukihuisha siku 30 kabla ya ukomo, afisa wa TEHAMA hukagua tarehe ya ukomo kila Jumatatu.» Anayepokea ya kwanza atalala. Anayepokea ya pili anajua pa kutazama, lini, na nani ataulizwa.

6. Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunapendekeza: cheti cha utambulisho wa tovuti, mtoa vyeti, jaribio la umiliki, kuhuisha cheti, mtendaji akitajwa daima, kisicho na ada, na skripti au mfuatano wa amri. Hayo si maneno mapya. Karibu yote yamo tayari vinywani mwa watu, na hiyo ndiyo nguvu yake. Walimu wa kompyuta na maofisa masjala watakaoyajaribu kazini wanaombwa watuandikie wapi yamekwama, maana istilahi nayo ina tarehe ya ukomo, na haina skripti ya kuihuisha.