Mguu shimoni: jinsi mitego ya Wagenia inavyosimama

Ukimpeleka seremala kwenye maporomoko ya Wagenia, pale Kisangani, atatazama yale magogo yaliyosimama katikati ya maji yanayochemka na kuuliza ni mti gani huo wenye nguvu hivyo. Mhandisi wa ujenzi ataangalia chini kwanza. Anataka kujua nguvu ya maji inashukia wapi.

Inashukia kwenye mashimo. Hakuna zege pale. Mto wenyewe uliutoboa mwamba kwa kuzungusha mawe na mchanga mahali pamoja tangu enzi na enzi, na wavuvi wa hapo, Wagenia, wakasimika magogo humo. Basi ramani ya mtego haichorwi kwa kupenda: penye shimo ndipo penye nguzo. Huo ni ubahili wa akili ninaouheshimu sana, kwa sababu mito huangusha madaraja mengi zaidi kwa kuyachimba kuliko kwa kuyasukuma. Maji huzunguka nguzo na kubeba mchanga wa chini yake, hadi siku moja nguzo haina pa kukalia. Mwamba hauna mchanga wa kuibiwa.

Kuna msukumo pia, na huo haukui polepole: kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, msukumo huongezeka mara nne. Anayejenga ukuta hapo anautafutia mto kitu cha kubomoa. Wagenia wameacha uwazi, maji yapite, kila gogo libebe kiasi chake. Magogo hayo hukutana juu na kutanua miguu, kama kigoda cha miguu mitatu, ambacho hakiyumbi hata sakafu ikiwa na mabonde. Mguu unaopokea mkondo hutaka kung'oka. Ule wa nyuma hukandamizwa mwambani. Pembetatu haipindi mpaka upande wake mmoja uvunjike.

Viungo hufungwa kwa kamba za porini. Mgeni huona umaskini, mimi naona hesabu: mtikisiko usiokoma hulegeza msumari na kupasua mti, lakini kamba hukubali kucheza kidogo. Ikichakaa, hukatwa na nyingine hufungwa.

Wajenzi wa reli ya Kisangani hadi Ubundu, kilomita 125, iliyokamilika mwaka 1906, waliamua kuuzunguka mto. Sikosoi. Maporomoko ya Wagenia ni sehemu ya Boyoma, maporomoko saba yanayoshuka mita 60 hivi katika kilomita 100 hivi, na mabehewa ya mizigo hayawezi kupita juu ya magogo. Kwao mkondo ulikuwa adui tu. Kwa mvuvi, mkondo uleule unaosukuma nguzo ndio unaomsukuma samaki ndani ya kikapu kilichofungwa kwenye magogo, kipana mdomoni, chembamba mkiani, na kumnyima nafasi ya kugeuka.

Mafuriko yakibeba gogo, jingine hukatwa msituni. Shimo halijaenda popote.