Mzee wa Mwezini Anakulaka na Nani?

Swali lililo juu ya ukurasa huu si langu. Liliulizwa na mama mzee wa bloki yetu, yule ambaye wadogo kwa wakubwa tunamwita Koko, katika ukumbi wa vijana hapa kambini Muyinga, wiki moja kabla ya Noeli. Kijana mmoja wa kujitolea kutoka Ulaya alikuwa ametuletea kompyuta yenye matangazo ya biashara ya Noeli, yale ambayo maduka makubwa ya Uingereza yanaonyesha kwenye televisheni. Alitaka tufanye mazoezi ya Kiingereza. Bahati mbaya yake, katika tangazo la kwanza hakuna mtu anayeongea, ni wimbo na picha tu. Bahati nzuri yetu, kwa sababu hiyo hata Koko alilifuata mpaka mwisho, na akalihukumu.

Tangazo hilo ni la John Lewis, la mwaka 2015. Msichana mdogo, jina lake Lily, anatazama mwezi kwa darubini ya nyumbani kwao. Kule juu anamwona mzee anayeishi peke yake katika kibanda. Anampungia mkono, mzee haoni. Anamwandikia barua, haifiki. Anajaribu hata kuirusha kwa upinde na mshale, wapi! Basi siku ya Noeli kifurushi kinafika mwezini, kinabebwa na baluni. Mzee anafungua, anakuta darubini. Anaielekeza duniani, anamwona mtoto anampungia, chozi linamdondoka. Mwishoni yanatokea maandishi ya kutuomba tumwonyeshe mtu kwamba anapendwa Noeli hii. Kisha jina la duka.

Ukumbi ulinyamaza. Wasichana wawili wa mstari wa mbele walikuwa wanafuta macho kwa ncha za kitenge. Hapo ndipo Koko akasema kwa sauti: "Sasa ule muzee, wanamuachaka kule kule? Na chakula, anakulaka na nani?"

Tulicheka sana. Mimi pia nilicheka. Lakini usiku ule swali lilikataa kutoka kichwani.

Msomaji anaweza kuniuliza: tangu lini tangazo la duka linachambuliwa kama kitabu? Uingereza ndivyo wanavyofanya. Mwaka 2011 John Lewis walitoa tangazo la mtoto anayehesabu siku za kungoja Noeli. Sote tunadhani anangoja zawadi zake, kumbe anangoja kuwapa wazazi wake zawadi aliyowawekea. Miaka iliyofuata, watu kule wakawa wanangoja tangazo la Novemba kama sisi tunavyongoja tarehe ya mgao. Likitoka wanalia, wanalaumu, wanaliiga kwa utani. Hili la mwezini, magazeti ya kule yaliandika kwamba kampeni nzima iligharimu kama paundi milioni 7. Duka lilishirikiana na Age UK, shirika la kuhudumia wazee, ambalo lilikuwa linasema kwamba wazee kama milioni moja nchini mwao wanaweza kumaliza mwezi mzima bila kuongea na mtu. Wengi walilia. Wengine wakasema duka linafanya upweke wa wazee kuwa bidhaa. Na Aldi, duka la bei nafuu, wakatoa tangazo lao la kumtania yule mzee, wakilinganisha bei ya darubini ya wenzao na ya kwao. Nakiri kwamba Aldi walinifurahisha: katika watu wote, ni wao tu waliokumbuka kwamba hapa tunauziwa darubini.

Waliolia na waliolaumu walibishana sana, lakini naona wote walikaa kiti kimoja. Walitazama kutoka dirisha la Lily. Swali lao lilikuwa juu ya anayetoa: je, moyo wake ni mweupe, au kuna mtu anautumia kuuza? Ni swali la haki. Sisi wa kambini tunalitazama tangazo lile lile kutoka upande wa mwezi. Tunakijua kibanda. Tunakijua kifurushi kinachoshuka bila mtu kukuuliza unahitaji nini. Yule mzee hakuulizwa. Labda alitaka blanketi. Labda alitaka mtu wa kucheza naye igisoro. Alipewa kifaa cha kuwaona wenzake wakila.

Tuliona pia tangazo la Sainsbury's la mwaka 2014, la vita. Lilitengenezwa pamoja na Royal British Legion, shirika la askari wastaafu, kukumbuka Noeli ya mwaka 1914, ambapo baadhi ya askari Waingereza na Wajerumani waliweka silaha chini kwa muda na kukutana kati ya mahandaki yao. Askari kijana Mwingereza anamwekea Mjerumani chokoleti mfukoni. Chokoleti kama hiyo iliuzwa madukani kwa paundi moja, na faida ikaenda kwa shirika lile. Mamia ya watu walipeleka malalamiko kwa wasimamizi wa matangazo kwamba si halali kuuzia watu vyakula kwa vita vilivyoua vijana wengi namna ile. Kwetu ukumbini, kijana mmoja aliyekimbia Fizi akasema tu: "Hii vita mbona haina harufu?" Hakuna aliyemjibu.

Nakubaliana naye, na nakubaliana na waliolalamika. Lakini kuna kitu nalazimika kukisema kwa haki: katika tangazo hilo zawadi inatoka mkononi na kuingia mfukoni. Wale wawili wameshaonana uso kwa uso, wamepeana majina, wamecheza mpira. Hakuna baluni. Ajabu yake ni kwamba tangazo la vita lina ujirani kuliko lile la upendo.

La tatu lilikuwa la Sainsbury's tena, la mwaka 2020, mwaka wa korona. Baba na binti yake wanaongea kwa simu juu ya Noeli na juu ya mchuzi ambao baba anajivunia kuupika, huku tukiona picha kama za video za nyumbani. Familia hiyo ni ya watu weusi. Basi. Hakuna jambo jingine. Lakini Waingereza wengine walikasirika, wakasema hawajioni humo, wakaapa kwamba hawataingia tena duka lile. Maduka mengine makubwa, ambayo siku zote yanapigania wateja wale wale, yakaungana nalo na kuonyesha matangazo yao mfululizo kwenye Channel 4 kupinga ubaguzi. Nililitazama hilo mara mbili. Mzee aliye mbali mwezini aliwaliza watu. Baba mweusi mezani, na bakuli lake la mchuzi, aliwaudhi baadhi yao. Kumbe ni rahisi kumhurumia mtu aliye mbali kuliko kumsogezea kiti.

Sasa niseme lililonisukuma kuandika, maana nisiposema nitakuwa mchambuzi wa makosa ya wengine tu.

Miaka michache iliyopita, mwezi wa Desemba, shirika moja lilileta maboksi ya zawadi yaliyofungwa na watoto wa nchi za mbali. Nilikuwa mkalimani. Binti yangu alikuwa na miaka sita, akawa kati ya waliochaguliwa kufungua mbele ya kamera. Alifungua, akatoa penseli, mpira mdogo, na glavu za sufu. Glavu alizitazama kwa muda mrefu. Hakujua ni za nini. Mpiga picha, mtu mpole kabisa, aliniomba nimwambie afunge boksi, afungue tena, na safari hii afurahi. Nikatafsiri. Akafunga, akafungua. Bado. Mara ya tatu sikungoja kuambiwa. Nilimwambia mwenyewe: "Cheka, mama, cheka, ili tumalize." Akacheka. Picha ikapatikana.

Usiku aliniuliza: "Baba, ule mutoto mwenye kunitumia, jina lake nani?" Tulitafuta ndani ya boksi, chini ya karatasi, hata ndani ya glavu. Hapakuwa na jina. Alitaka kumpungia mkono, hakujua aelekee wapi. Yule mzee wa mwezini, pamoja na yote niliyosema, alipewa darubini ya kumwona Lily. Binti yangu hakupewa hata hiyo. Na aliyemwagiza acheke ni mimi, si duka wala mpiga picha. Ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa, msidhani nawaandikia ninyi peke yenu.

Noeli yenyewe nilipata karatasi ya ruhusa ya kutoka, nikapita Karuzi mpaka Gitega, kisha Ryansoro, kwa wakwe zangu. Asubuhi baada ya misa nilikaa mlangoni kwa mama mkwe nikitazama kilima. Watu walikuwa wanashuka na kupanda, kikapu kichwani, kidumu cha urwarwa mkononi. Kila aliyefika aliingia ndani, akakaa, akaulizwa habari za watoto mmoja mmoja, akanywa. Alipoondoka, mama mkwe hakumrudishia kikapu kitupu hata mara moja, japokuwa ndani ya nyumba hakukuwa na kingi.

Jioni, tukiwa tumezunguka chungu cha pombe ya mtama na mirija yetu, nikawaonyesha mzee wa mwezini kwenye simu. Watoto walipenda baluni. Mashemeji waliuliza kama kule mwezini kuna mtandao. Jirani mmoja, mzee wa makamo ya mama mkwe, aliirudisha simu mkononi mwangu, akasema kwa Kirundi maneno ambayo nayaweka hapa kwa Kiswahili: "Zawadi imetembea peke yake? Basi huyo mtoto amemlipa mzee ili asiende kumtembelea."

Ni hukumu kali. Nilitaka kuipinga, na bado naipinga kidogo, kwa sababu ya ndugu yangu. Yeye alipata bahati ya kupelekwa Marekani. Kila Desemba ananitumia hela kwa simu, nasi tunanunua nyama na mchele. Hawezi kuja. Njia haipo, karatasi hazijakamilika, nauli ni mlima. Kwake kutuma si kukwepa kuja, ndiyo namna ya kuja aliyobaki nayo. Nikimwambia kwamba zawadi yake ni malipo ya kutokuja, nitakuwa nimemtenda dhambi.

Lakini kazi yake ni ghala kubwa, zamu ya usiku, na Desemba ndio msimu wa kazi nyingi. Anafunga vifurushi vya Noeli vya watu asiowajua. Usiku ule ule, kutoka Ryansoro, nilimpigia kwa video akiwa mapumzikoni, ndani ya gari lake, theluji kwenye kioo. Nilimwona taa imemmulika usoni, pande zote giza. Mwaka mzima nilidhani sisi ndio tuko mwezini na yeye yuko dirishani. Nikamuuliza swali la Koko: "Unakula na nani?" Akacheka, akanionyesha mkate kwenye kiti cha pembeni. Nikamgeuzia simu mashemeji na mama mkwe. Tukakaa naye mpaka kengele yao ilipolia, dakika kama kumi na tano, hakuna aliyesema jambo la maana.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Tangazo la mzee wa mwezini ni kazi nzuri, na wasichana wetu wawili hawakukosea kulia. Kosa lake ni kuishia pale chozi linapotoka, kana kwamba chozi ndilo lililokuwa linatafutwa. Mpiga picha wetu naye alifunga kamera pale pale. Swali la Koko linaanza kifurushi kikishafunguliwa: halafu? Nani atakuja kesho? Mnaoleta maboksi, wekeni humo jina na mahali pa kujibu. Mkiweza, njooni wenyewe, mkae. Nasi tunaopokea, tusiwafundishe watoto wetu kucheka kwa agizo. Mtoto akishangaa glavu, mwacheni ashangae, na picha ipigwe hivyo hivyo.

Niliporudi Muyinga, Bonane imekaribia, nilikuta habari. Jioni ile ya matangazo, wakati wa kufunga kompyuta, Koko alikuwa amemgeukia kijana wetu wa kujitolea na kumuuliza: "Na weye, Noeli utakula na nani?" Kijana alijibu kwamba atakuwa peke yake, mjini, na vitabu vyake. Koko hakusema kitu. Tarehe 25 alimtuma mjukuu akamlete. Kijana alikuja na mkate na fanta nne, akakaa kwenye kigoda, akala ugali na sombe kwa mkono, mpaka giza likaingia na wenye gari wakaanza kumtafuta.

Koko analalamika jambo moja tu, kwamba kijana hajui kula. Amemwambia arudi ajifunze.