Jedwali la Mdogo Wangu

Ujumbe wa mdogo wangu uliingia saa sita usiku wa Dar es Salaam. Kwao Ohio jua lilikuwa bado halijazama. "Shikamoo dada. Wewe ndiye uliyesomea fasihi. Nisomee hili, kisha uniambie kama niahirishe." Aliambatisha jedwali la Excel lenye mistari sita.

Anajiandaa kwa MCAT, mtihani wa kuingia vyuo vya udaktari vya Marekani. Kila mstari ni mtihani mmoja kamili wa mazoezi: tarehe, kampuni iliyoutunga, alama za sehemu nne, jumla, na safu ya maoni. Jumla zilikuwa 497, 501, 503, 507, 508, 505. Tano za kwanza amezipaka kijani, ya mwisho nyekundu. Chini yake kuna grafu, na juu ya grafu mstari wa nukta kwenye 512, alama anayoitaka, kwa sababu wastani wa wanaopokelewa miaka hii unazunguka hapo. Zilikuwa zimebaki siku 16. Zikibaki siku 10 mlango wa kubadili tarehe hufungwa, na kadiri siku zinavyokaribia ndivyo ada ya kubadili inavyopanda. Kwa hiyo nilikuwa na siku sita za kuhakiki.

Ameniruhusu niandike alama zake, mradi nisitaje jina lake.

Niliamua kulichukua ombi lake kama lilivyo, nilisome jedwali kama andiko. Lina msimulizi, lina mhusika mkuu ambaye ndiye huyo huyo msimulizi, lina mwanzo, na lina kilele kinachosubiriwa. Ni tawasifu. Na kama tawasifu nyingi, lina mambo ambayo mwandishi wake ameyaandika bila kuyaona.

Tuanze na msuko. Jedwali la aina hii linajua hadithi moja tu, ya kupanda. Mwanafunzi anaanza chini, anateseka, anafika. Methali yake ni haba na haba hujaza kibaba. Ila tumeizoea methali hiyo mpaka tumesahau kwamba kibaba ni kipimo, na kwamba vibaba vinne hufanya pishi pale tu vinapokuwa vya ukubwa mmoja. Mistari mitatu ya kwanza ya mdogo wangu ni mitihani iliyotungwa na kampuni za masomo ya ziada. Mitatu ya mwisho imetoka AAMC, chama cha vyuo vya tiba cha Marekani, ambacho ndicho chenye mtihani wenyewe. Kila kampuni hukadiria alama kwa namna yake. Grafu imeiunganisha nukta ya tatu na ya nne kwa mstari mnyoofu wa bluu, kana kwamba 503 na 507 zimepimwa kwa kibaba kimoja. Huenda alipanda alama nne kati ya mitihani hiyo miwili, huenda alipanda mbili, huenda alikuwa pale pale. Mstari wa bluu hausemi.

Pili, ile nyekundu. Ndiyo iliyomfanya aniandikie, maana 508 ilikuwa imeshuka hadi 505. Ukiisoma kama hadithi, hapo ndipo shujaa anapoanguka. Ila MCAT haihesabu majibu sahihi na kuyaandika yalivyo. Maswali 230 hugeuzwa kuwa alama kati ya 118 na 132 kwa kila sehemu, na jumla huwa kati ya 472 na 528. AAMC wenyewe husema alama ya jumla isomwe kwa kuiachia nafasi ya alama mbili juu na mbili chini. Basi 508 ni mahali fulani kati ya 506 na 510, na 505 ni mahali fulani kati ya 503 na 507. Mitihani hii miwili inaweza kuwa imempima mtu yule yule mwenye uwezo ule ule, siku moja akakutana na maswali aliyoyasoma juzi, siku nyingine asikutane nayo. Rangi nyekundu ilisema ameporomoka. Namba zenyewe hazikusema hivyo.

Ningeishia hapo, ningekuwa dada mzuri. Ningemwandikia, "Usiogope, ni kelele tu, nenda kafanye." Lakini mhakiki hasomi mstari wa mwisho peke yake, na nilipozisoma safu kutoka juu kwenda chini niliona jambo la tatu, lililonikosesha usingizi.

Sehemu za MCAT ni nne: kemia na fizikia, usomaji na uchambuzi wa hoja, unaoitwa CARS, biolojia, na saikolojia na jamii. Mtihani wa kwanza alipata 124, 124, 124 na 125. Wa tano, ule wa 508, alipata 127, 124, 128 na 129. Hesabu mwenyewe. Kapanda alama 11, na zote 11 zimetoka katika sehemu tatu za sayansi. CARS haikutoa hata moja. Safu yake, kutoka juu hadi chini, inasomeka 124, 125, 123, 124, 124, 122. Miezi minne ya kazi, na safu nzima imesimama. Safu ya jumla ilikuwa ikipanda vizuri kiasi kwamba hakuna aliyeuliza ni nani anayeibeba.

CARS ina vifungu tisa vya falsafa, historia, sanaa na sayansi ya jamii, na maswali 53 ya kujibiwa kwa dakika 90. Haihitaji ujue lolote nje ya kifungu. Ni kusoma tu. Mdogo wangu, ambaye ameishi Marekani tangu akiwa na miaka 13 na anaongea Kiingereza kuliko mimi, alikuwa ameiweka sehemu hiyo kando kama bahati: siku nyingine inakubali, siku nyingine inakataa. Ushahidi uko kwenye safu ya maoni. Kwenye 503, ambapo CARS ilikuwa 123, ameandika "nilichoka". Kwenye 505 ameandika "kelele za jirani". Kwenye 501, 507 na 508 hakuandika kitu.

Ukimya huo ndio uliofumbua jedwali zima kwangu. Mwandishi wetu anatafuta sababu pale tu anaposhuka. Akipanda, anaona ndiye yeye halisi. Nilimuuliza kwa simu, "Ule wa 508, maswali mangapi ulibahatisha?" Akanyamaza kidogo. "Mengi, dada." Basi kwa nini karibu na 508 hapakuandikwa "nilibahatisha", kama vile karibu na 505 palivyoandikwa "kelele"? Ukiondoa siku mbaya kwa sababu ya jirani, uwe tayari kuiondoa na siku nzuri kwa sababu ya bahati.

Sisemi jedwali ni bure. Mtihani kamili, pamoja na mapumziko, unakula karibu saa saba na nusu. Kuna kijana aliyekaa peke yake chumbani Jumamosi sita, simu imezimwa, na hakuna mtu aliyemwona. Jedwali lilimwona. Mtu anayesoma bila mwalimu wala darasa anahitaji kitu cha kumwambia kwamba ile Jumamosi ilikuwepo. Kazi hiyo jedwali linaifanya vizuri, na sitamnyang'anya.

Ila nadhani kuna kitu tulichokibeba kutoka nyumbani. Mimi na yeye tumelelewa kwa ripoti ya shule: nafasi ya 7 kati ya 64. Nilipofanya mtihani wa utamilifu Kidato cha Sita, matokeo yalibandikwa ukutani na tukasukumana kuyatazama. Nakumbuka nafasi yangu mpaka leo. Swali hata moja nililokosa silikumbuki. Tulifundishwa kwamba matokeo ni mahali uliposimama, na ukishayajua umemaliza. Mdogo wangu hana wenzake 64 wa kujilinganisha nao, kwa hiyo anajilinganisha na yeye wa wiki iliyopita. Ukuta ule ameuhamishia kwenye kompyuta, na sasa anajisukuma mwenyewe.

Nilimwomba kitu kimoja. Arudie maswali yote ya CARS aliyoyakosa katika mitihani mitatu ya AAMC, na mbele ya kila moja aandike sentensi moja: kwa nini jibu lile lilimvutia. Asiandike kwa nini jibu sahihi ni sahihi, hilo kitabu kitamwambia. Siku ya tatu alinitumia picha za daftari. Sentensi za mwanzo zilikuwa za uvivu: "sikuelewa", "haraka". Kisha zikabadilika. "Nilichagua jibu ninalokubaliana nalo, mwandishi hakusema hivyo." Maswali mawili mbele, tena: "Nilidhani mwandishi anaunga mkono, kumbe anamnukuu mpinzani wake." Kisha hiyo hiyo ikajirudia mara tisa, kwa maneno tofauti.

Makosa tisa ya aina moja si kelele za jirani. Ni namna ya kusoma. Mdogo wangu anasoma kama mtu aliye barazani: anasikia nusu ya hoja, anaona inaelekea upande wake, anaanza kuitikia. Barazani ni adabu. Kwenye kifungu ambacho mwandishi anatumia aya mbili kueleza maoni asiyoyakubali, ni kuangukia shimoni.

Siku ya tano aliahirisha, na akalipa. Aliahirisha kwa sababu ya safu iliyosimama, wala si kwa ile nyekundu, na tofauti hiyo ina uzito kwangu. Angeahirisha kwa sababu ya 505, angetumia wiki sita kusubiri 508 irudi, na huenda ingerudi yenyewe bila yeye kujifunza kitu. Baba yetu hakufurahi. Aliuliza kwa nini mtu mwenye grafu inayopanda aogope mtihani, na mdogo wangu hakuwa na jibu fupi la kumpa.

Jana alinitumia jedwali jipya. Mstari mmoja tu umeongezeka: 507, CARS 124. Hakuupaka rangi. Safu ya maoni imepanuka mpaka imezizidi nyingine zote, na humo kaandika, pamoja na mengine, "nilibahatisha 11, nikapata 6, nimemsikiliza mwandishi mpaka mwisho kwenye vifungu saba kati ya tisa." Nimeirudia sentensi hiyo mara kadhaa. Nataka kujua ni vifungu gani viwili alivyomkatiza.