Maji Hayalali: Kumsoma Laozi Mitunguu

Mtandaoni, Tao imegeuzwa dawa ya msongo: tulia, usijisumbue, acha mambo yaende. Nimekisoma kitabu chenyewe, Daodejing, nikiwa hapa Mitunguu, na naona wenzetu wametuuzia nusu, tena ile nusu rahisi.

Ni kitabu kidogo: sura 81, kama herufi 5,000 za Kichina. Mapokeo yanasema kiliandikwa na Laozi, mzee aliyechoshwa na utawala uliooza akaamua kuhama. Mlinzi wa mpaka akamwomba aache hekima yake kabla hajapita. Hadithi tamu, lakini wataalamu wengi wanaona ni kazi ya waandishi kadhaa. Mwaka 1993, katika kaburi la Guodian, mkoani Hubei, zilipatikana sehemu zake kwenye vipande vya mianzi vya karibu mwaka 300 kabla ya Kristo. Enzi hizo madola ya China yalikuwa yanapigana bila kupumzika. Yaani, hekima hii ilikomaa vita vikiwaka.

Neno lake kuu ni wu wei, ambalo wengi hulitafsiri "kutotenda". Tafsiri hiyo inapotosha. Huku kwetu maji ya mto Thingithu yanafika kwenye migomba kwa mteremko tu. Sawa, lakini kuna mtu alichimba mtaro, akalaza bomba, na bomba likipasuka lazima mtu aamke akalizibe. Wu wei naielewa hivyo: kufanya kazi ukiufuata mteremko. Ndiyo maana kitabu kinayasifu maji. Ni laini, yanakaa pale chini panapodharauliwa, na bado yanaula mwamba.

Ila tusimeze kila kitu. Sura ya 3 inamshauri mtawala awajaze watu matumbo na kuwaacha bila maarifa. Hapo mimi nakataa kabisa, bana. Kumshibisha mtu ili asiulize maswali ni ujanja tunaoujua vizuri, hasa msimu wa kampeni. Halafu ukifika sura ya 75 unakuta kitabu kinamgeukia mtawala huyohuyo: watu wana njaa kwa sababu walio juu wanakula kodi kupita kiasi. Aliyekuwa barabarani Juni 2024 kuupinga Mswada wa Fedha hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Wauzaji wa utulivu huiruka sura hiyo. Wewe ukipata nakala, anzia hapo, kisha rudi sura ya 3 ubishane nayo.