Parafujo, Skrubu na Nati Zilizolegea: Neno la Mkopo Mbele ya Mhakiki

Katika kurasa hizi tumezoea kuhakiki riwaya, tamthiliya na diwani. Mimi leo naomba tuhakiki vijineno vya kwenye sanduku la fundi. Msinicheke kwanza. Insha na hadithi zetu hurudi mara kwa mara zikiwa na mstari mwekundu chini ya usemi kama "yule mzee nati zimelegea", na pembeni pameandikwa: "Si Kiswahili fasaha." Hoja yangu ni kwamba mhakiki anayelikataa neno kwa sababu tu limekopwa bado hajahakiki kitu. Ameuliza neno limezaliwa wapi, hajauliza linafanya kazi gani ndani ya sentensi.

Tuanze na parafujo. Neno hili ni la Kireno, parafuso. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593, na Waomani wakaitwaa mwaka 1698. Wenyewe waliondoka, maneno yakabaki: meza, bendera, karata, leso, roda. Gereza nalo limetokana na igreja, yaani kanisa! Nani leo atapiga mstari mwekundu chini ya meza?

Skrubu ni ya Kiingereza, na ile b ya mwisho tumeitia sisi. Lakini Waingereza nao walikopa. Screw yao inatokana na Kifaransa cha kale, escroue, lililokuwa na maana ya nati, na wataalamu wengi hulihusisha hilo na scrofa la Kilatini, yaani nguruwe jike. Jamani, nguruwe na chuma wapi na wapi? Lakini hata leo Mreno akitaka nati husema porca, na porca ni nguruwe jike vilevile. Mwingereza naye nati huiita kwa jina lilelile la kokwa. Kwa hiyo majina haya yalianza kama sitiari. Watu walitazama chuma kigeni wakakipa jina la kitu walichokwisha kukijua. Sitiari hizo zimekufa midomoni mwa wenyewe, hakuna anayemwona nguruwe tena.

Huku kwetu nati imepata uhai mwingine. Tunaposema "nati zimelegea" hatuzungumzii chuma, tunazungumzia akili ya mtu. Najua kuna atakayepinga kwamba huo ni usemi wa Kiingereza uliovishwa kanzu. Ni kweli Waingereza husema hivyo kuhusu skrubu. Lakini usemi hauoti mahali pasipo na udongo. Kabla ya nati yoyote, Kiswahili kilikuwa na mtu mlegevu, na kilikuwa na kukaza moyo. Katika Macbeth ya Shakespeare, mke wa Macbeth anapomhimiza mumewe asiogope, anatumia kitenzi cha skrubu ili ujasiri ukazwe. Sisi hukaza moyo bila skrubu wala spana. Nati ilipofika ilikuta vitenzi vyake viwili, kukaza na kulegea, vinaisubiri mlangoni.

Tutazame upande wa pili. Msumari nao ni mkopo, kutoka mismar ya Kiarabu. Lakini wahakiki wetu humsifu msemaji kwamba "amepigilia msumari", na msumari wa moto juu ya kidonda tunaupokea kama lulu ya lugha. Kumbe kosa la nati si kukopwa, ni kuja juzi tena kwa njia ya gereji.

Tukiacha hoja ya asili, tunaanza kuona maana. Msumari huingia kwa nguvu ya nyundo. Nati huingia kwa kuzungushwa, na hulegea kidogokidogo kwa mtikisiko, mwenye gari asijue mpaka aanze kusikia kelele. Ndiyo maana, kama hadithi inaonyesha mzee anayepotewa na kumbukumbu polepole, "nati zimelegea" inafaa kuliko "ni mwendawazimu". Neno mwendawazimu ni hukumu iliyokwisha kukatwa, lakini kilicholegea huenda kikakazwa. Usemi huu una dharau pia, sikatai. Basi mhakiki aulize: nani anausema, mjukuu mwenye huruma au jirani mwenye kejeli? Huo ndio uhakiki wa mtindo.

Hata kati ya parafujo na skrubu kuna uchaguzi. Dukani utasikia skrubu, kwa hiyo mhusika fundi akitamka "parafujo" msomaji atamshangaa kidogo, ataona ni mtu wa zamani au mtu wa kamusi. Lakini mtunzi wa shairi la kimapokeo atalipenda parafujo: lina mizani 4, nusu kamili ya kipande cha mizani 8, na kina cha "jo".

Ombi langu kwa walimu wetu ni dogo. Mstari mwekundu upigwe, ndiyo, lakini uambatane na sababu iliyotoka ndani ya matini: neno halimfai mhusika, halifai mandhari, au linavunja mizani. Kusema "si la kwetu" hakutoshi, maana kwa kipimo hicho tutabaki bila meza ya kuandikia. Mwenye hoja tofauti aikaze, nasi tuisome hapahapa.