Zulia Jeupe la Atlas na Habari za Mgongoni Mwake

Anayekwenda kununua zulia la zamani la Waberberi huanza kwa kulitazama usoni. Huvutiwa na ule weupe uliotulia, na mistari ya kahawia iliyokolea inayokutana na kuachana, ikichora almasi zisizolingana. Mimi huomba kwanza ligeuzwe. Uso wa zulia unaweza kuoshwa kwa dawa, kuanikwa juani na kunyolewa hadi likazeeka miaka 50 ndani ya wiki chache. Mgongoni kazi ya mfumaji huwa imebaki pale pale alipoiacha, na anayejua zulia lilivyofumwa huona huko mambo ambayo muuzaji hakuyasema.

Nalichukua hapa zulia la Beni Ourain, kwa sababu ndilo linalotafutwa zaidi leo na ndilo linaloigwa zaidi. Beni Ourain ni shirikisho la makabila ya Waamazighi, watu ambao wengi bado huwaita Waberberi, wanaoishi upande wa kaskazini-mashariki wa milima ya Atlas ya Kati nchini Moroko, kusini mwa mji wa Taza. Vilele vya huko hupita mita 3,000 na theluji hukaa miezi mingi. Watu walifuata mifugo yao, wakipanda milimani majira ya joto na kuteremka mabondeni baridi ilipoingia, na sehemu kubwa ya mwaka waliishi katika mahema ya nywele za mbuzi. Humo ndani zulia lilikuwa godoro, na usiku wa barafu likawa blanketi. Mteja wa mjini hakuwamo kabisa katika mawazo ya mwanamke aliyelifuma. Kila alichoamua, kuanzia sufu hadi idadi ya nyuzi, alikiamua kwa ajili ya mtu atakayelala juu yake au chini yake.

Sufu ilitoka kwenye kundi la familia, na kondoo walikatwa manyoya majira ya kuchipua. Iliposafishwa haikuoshwa hadi ikakauka mafuta yake yote, kwa kuwa mafuta hayo ya asili ndiyo yanayosukuma maji na kuzuia uzi usikatike. Baadaye nyuzi ziligawanywa: ndefu na imara zilichanwa kwa ajili ya mtande, yaani zile nyuzi za wima zinazobeba uzito wote wa zulia, fupi na laini zilichambuliwa zikasokotwa kwa ajili ya mshindio, ule uzi unaopita kwa upana. Zulia la kawaida la Beni Ourain halikuhitaji rangi. Weupe ni wa kondoo weupe, na kahawia au weusi wa mistari ni wa kondoo weusi wa kundi lilelile. Ndiyo maana mistari ya zulia la kweli la zamani haina weusi mmoja. Huanza ikielekea weusi, ikapauka kidogo mbele, ikarudi kukolea, kadiri sufu ya kondoo mmoja ilivyokwisha na ya mwingine ikaanza. Mistari yenye weusi sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho imetoka kwenye pipa la rangi.

Kuna sufu nyingine ambayo mnunuzi anapaswa kuifahamu, nayo ni ile inayoitwa sufu mfu. Hii haikukatwa kwa kondoo aliye hai. Imeng'olewa kwenye ngozi za kondoo waliochinjwa, baada ya ngozi kulowekwa kwenye chokaa huko kwenye viwanda vya ngozi. Chokaa huila. Ukisugua kati ya vidole hukwaruza na haina ule utelezi wa mafuta, na zulia lililofumwa kwayo hupukutika kila linapofagiwa. Ni rahisi kuliko sufu ya kondoo hai, kwa hiyo mazulia ya haraka ya sokoni huwa nayo kwa wingi.

Kitanda cha kufumia kilikuwa cha wima: boriti mbili za mbao, moja juu na moja chini, na nguzo mbili za kuzishikilia. Mtande ulitandwa kati ya boriti hizo, na mfumaji akaketi mbele yake, mara nyingi na dada au binti yake ubavuni. Upana wa zulia uliamuliwa na urefu wa boriti na nafasi iliyokuwapo, kwa hiyo mazulia ya zamani ya eneo hili ni membamba na marefu. Mengi hayafiki mita 2 kwa upana, lakini urefu huweza kupita mita 3 au 4. Ukionyeshwa zulia la "zamani" la Beni Ourain lenye mita 3 kwa 4, linalokaa vizuri chini ya makochi ya sebuleni, ujue kipimo hicho ni cha sebule ya leo.

Sasa tuje kwenye fundo, maana hapa ndipo penye elimu yote. Mfumaji huchukua kipande cha uzi, akakizungusha kwenye nyuzi mbili za mtande, na ncha zote mbili akazitokeza katikati yake. Ncha hizo ndizo zinazokuwa manyoya ya zulia. Akimaliza mstari mmoja wa mafundo, hupitisha mshindio, kisha hugongelea kwa chanuo zito la chuma ili mstari ukae. Mfumaji wa mjini Rabat, anayetengeneza zulia la kuonekana, hupitisha mishindio michache tu kabla ya kuanza mstari mwingine, hivyo mafundo hubanana na michoro huweza kuwa midogo na ya hali ya juu. Mwanamke wa Atlas ya Kati alifanya kinyume. Alipitisha mishindio mingi kati ya mstari na mstari, akaacha manyoya marefu yainame na kufunika nafasi hiyo yote. Ukilitazama zulia lake mgongoni utaona mabonde mapana ya mshindio mtupu, na mafundo yakipita kwa mistari myembamba iliyoachana.

Wengi wameiona nafasi hiyo wakasema ni kazi hafifu, kwamba mafundo ni machache. Nakataa kabisa. Zulia lenye mafundo yaliyobanana huwa gumu, halikunjiki, na ni zito kwa nyumbu anayelipandisha mlimani. Zulia lenye mishindio mingi hukunjika kama blanketi na humfuata aliyelala mwilini, huku manyoya yake marefu yakinasa hewa, na hewa iliyonaswa ndiyo inayotunza joto. Hesabu ya mafundo, ambayo ni kipimo halali kwa mazulia ya Uajemi, haina maana hapa. Majirani wa Beni Ourain wa upande wa Azrou, kabila la Beni M'Guild, walitumia hata pande zote mbili za zulia: manyoya juu wakati wa theluji, na mgongo juu baridi ilipopungua. Kwa sababu hiyo baadhi ya mazulia yao yana mgongo wenye mchoro ulio wazi kuliko uso.

Kuhusu zile almasi zisizolingana, wauzaji wana hadithi nyingi. Utaambiwa umbo hili ni tumbo la mama, na lile ni jicho la kuzuia husuda. Wafumaji walikuwa na majina ya michoro yao, hilo halina ubishi, ila majina hubadilika kutoka bonde moja hadi jingine, na kamusi moja ya alama inayouzwa pamoja na kila zulia ni kazi ya sokoni. Sababu ya kiufundi huelezwa mara chache mno. Mfumaji hakuwa na karatasi ya mchoro. Alifuma kwa kumbukumbu na kwa kuhesabu nyuzi. Zaidi ya hapo, kila alipomaliza kipande, kilivingirishwa kwenye boriti ya chini na mtande mpya ukateremshwa. Hakuweza kuiona kazi yake yote kwa pamoja. Alichokiona ni ukanda mfupi mbele ya macho yake, na zulia zima alilitazama kwa mara ya kwanza siku lilipokatwa. Almasi ya mwanzo na ya mwisho zikitofautiana, hiyo ni alama ya kumbukumbu iliyofanya kazi wiki nyingi bila kiolezo. Warsha za leo zinazofuata picha aliyoituma mteja hutoa almasi zilizo sawasawa, na mimi sioni sababu ya kuzihifadhi.

Wanaokusanya vyombo vya nyumbani vya mtindo wa Kimoroko huyaweka mazulia haya karibu na vigae vya Fes, na kuna undugu wa kiufundi kati ya kazi hizi mbili ingawa watu wake ni tofauti kabisa. Vigae ni kazi ya wanaume wa mjini. Udongo hukandwa, hukatwa miraba, huchomwa, hupakwa rangi ya kioo na kuchomwa tena, kisha fundi hukichonga kila kipande kwa nyundo yenye makali. Anayevipanga huvilaza kifudifudi, uso wenye rangi ukiwa chini, hivyo anachokiona ni udongo mtupu. Umbo la kila kipande ndilo linalomwambia mahali pake. Plasta humwagwa juu ya migongo hiyo. Naye pia huuona uso wa kazi yake mwishoni. Ukiwa unanunua meza ya vigae, angalia nafasi kati ya vipande: vilivyochongwa kwa mkono vina kingo zilizopinda kidogo na hukaribiana mno, ilhali vya mashine vimeachiwa mifereji iliyo sawasawa ya saruji.

Mazulia yenye rangi, kama yale mekundu ya Zemmour wa upande wa Khémisset, au ya manjano na machungwa ya Taznakht kusini mwa Atlas ya Juu, yana mtihani mwingine. Wekundu wa zamani ulitoka kwenye mizizi ya mmea ambao Waarabu huuita fuwa, buluu ilitoka kwenye nili, na maganda ya komamanga na hina vilisaidia rangi nyingine. Shabu ndiyo iliyoishikisha rangi kwenye sufu. Mwaka 1856, William Henry Perkin alipata rangi ya zambarau ya kemikali akiwa London, na katika miongo iliyofuata rangi za viwandani zikasambaa hadi masoko ya Moroko. Za mwanzo zilikuwa kali na dhaifu. Pinki ya kwanza ya viwandani huchujuka juani hadi ikawa kijivu, huku mgongoni ikiendelea kuwaka. Fuwa huchujuka pia, lakini polepole, na hata ikipauka hubaki nyekundu.

Serikali ya ulinzi ya Wafaransa iliona rangi hizo zikiharibu biashara, ikaanzisha mhuri wa mazulia mwaka 1919. Prosper Ricard, aliyesimamia sanaa za wenyeji mjini Rabat, alichapisha kati ya 1923 na 1934 mkusanyo wa juzuu nne wa mazulia ya Moroko, na juzuu ya Atlas ya Kati ilitoka 1926. Kwa mkusanyaji, juzuu hizo bado ni hazina ya kulinganishia. Lakini kazi ya Ricard ilikuwa na upande wa pili: ilichagua michoro iliyostahili kuitwa halisi, na warsha zikaanza kuinakili. Mazulia meupe ya kulalia yalipewa umuhimu mdogo, hadi wasanifu majengo wa Ulaya wa karne ya 20, Le Corbusier na Alvar Aalto wakiwa miongoni mwao, walipoyapenda kwa ajili ya vyumba vyao vyenye kuta tupu.

Tangu mapenzi hayo yageuke biashara kubwa, uzee umekuwa kitu cha kutengenezwa. Zulia jipya huoshwa kwa klorini ili sufu ing'ae na kupauka, au hutandazwa juani wiki nyingi. Namna ya kuligundua ni kuyapanua manyoya kwa vidole viwili hadi ufike kwenye fundo. Katika zulia lililozeeka kwa matumizi, ncha zimepauka na rangi hukolea taratibu kuelekea chini. Jua la makusudi huacha ncha zilizopauka na mpaka wa ghafla chini yake. Klorini hupausha hadi kwenye fundo, na sufu yake hukauka ikawa na mng'ao wa plastiki. Kisha geuza zulia. Mgongo uliokaa chini miaka mingi una mafundo yaliyolainika kwa kusuguliwa. Mpya una mafundo yaliyojaa na yenye vinyweleo. Angalia pia mtande: katika kazi ya zamani ya Atlas ya Kati ni wa sufu au wa nywele za mbuzi, na pamba nyeupe ni dalili ya warsha au ya miaka ya karibuni. Ukiwa bado na shaka, chomoa uzi mmoja uuchome. Sufu huungua polepole, hunuka nywele, na majivu yake husagika. Uzi wa plastiki huyeyuka ukawa tone gumu.

Umri nao usitiwe chumvi. Mazulia haya yalilaliwa, yalikanyagwa na yalirithiwa hadi yakaisha, na mengi yaliyosalia ni ya karne ya 20. Anayekuuzia la miaka 200 alete ushahidi wa zaidi ya maneno yake.

Kinachoniuma zaidi ni bei. Zulia hupita kwa mchuuzi wa kijijini, kwa dalali wa Marrakech, kwa mwenye duka, kisha kwa msafirishaji, na kila mmoja huongeza chake. Mfumaji aliyesokota, akafuma na kukata hupokea sehemu ndogo kuliko wote, na jina lake halimo popote kwenye karatasi za mauzo. Panapokuwa na ushirika wa wafumaji unaouza wenyewe, kama ilivyo Taznakht, mnunuzi aanzie huko, aulize nani amefuma, na aandike jina hilo kwenye kumbukumbu zake pamoja na kijiji na mwaka.

Jambo la mwisho ni viraka. Mazulia mengi ya zamani yana mahali palipotoboka pakazibwa na mwenye zulia kwa uzi wowote uliokuwapo, wakati mwingine wa rangi isiyofanana kabisa. Mafundi wa mjini hushauri viraka hivyo vifumuliwe na kufumwa upya ili zulia lionekane zima. Mimi huviacha. Kama nyuzi za pembeni zinaachia, zishonwe tu kwa uzi wa sufu uliosokotwa kwa mkono, bila kugusa kiraka. Kisha zulia lifunuliwe na kukung'utwa pande zote mbili mara kwa mara, kwa kuwa nondo hutaga gizani, chini ya kabati na makochi, na viwavi wake huanza kula upande wa mgongo.