Kilicho Chini ya Dhahabu ya Quito

Watu wakisikia habari za makanisa ya Quito, mji mkuu wa Ecuador, huulizia dhahabu. Na dhahabu ipo kweli: ukiingia La Compañía, kanisa la Wajesuiti, kuta, nguzo na dari vyote vinawaka. Kanisa hilo lilianza kujengwa mwaka 1605, likakamilika 1765. Miaka miwili baadaye mfalme wa Hispania akawafukuza Wajesuiti katika himaya yake yote.

Ziara ya miguu katika mji mkongwe si ndefu. Kutoka Kanisa Kuu lililoko Plaza Grande hadi La Compañía ni hatua chache, na kanisa la San Francisco liko mtaa wa jirani. Mji uko mita 2,850 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mgeni aliyezoea pwani hatalalamika kiongozi akisimama mara kwa mara. Kiongozi mzuri husimama sana, tena si penye mng'aro. Husimama penye mikono ya mafundi.

Kazi yenyewe huanza na mbao za mwerezi zilizokauka vizuri. Sanamu ikishachongwa, hupakwa gundi iliyochemshwa kutokana na ngozi za wanyama, kisha jasi iliyokorogwa na gundi hiyo, tabaka juu ya tabaka, kila moja likisubiriwa likauke na kulainishwa mpaka nyuzi za mti zipotee. Juu yake unakuja udongo laini mwekundu. Ndipo hulazwa karatasi ya dhahabu, nyembamba kiasi cha kupeperushwa na pumzi ya fundi mwenyewe, na ikishika husuguliwa kwa jiwe la akiki mpaka ing'ae. Ule wekundu wa chini ndio unaoipa dhahabu joto lake. Mahali ilipolika, utauona unachungulia.

Mavazi ya watakatifu ndiyo yanayonishangaza zaidi. Fundi amelaza dhahabu kwa tabu yote hiyo, halafu anaifunika kwa rangi, buluu au nyekundu, kana kwamba hakuwahi kuilaza. Kisha anachukua kijiti na kuikwaruza rangi taratibu: ua hapa, jani pale, pindo la joho. Kila mkwaruzo unafichua dhahabu iliyolala chini. Mkono ukiteleza, kazi ya siku nyingi imeharibika.

Nyuso na mikono zilipakwa rangi ya mafuta, kisha zikasuguliwa kwa kibofu cha kondoo kilicholoweshwa, mpaka rangi ikafanana na ngozi ya mtu aliye hai. Macho ni ya kioo. Katika Kanisa Kuu kuna kundi la sanamu za Kristo aliyeshushwa msalabani, kazi ya Manuel Chili, fundi wa karne ya 18 wa jamii ya wenyeji asilia anayejulikana kama Caspicara. Huzuni ya waombolezaji wale haihitaji maelezo ya kiongozi.

Ufundi huu ulipandwa na watawa Wafransisko, akiwemo Jodoco Ricke kutoka Flanders. Katikati ya karne ya 16 shule yao ya San Andrés iliwafundisha wenyeji asilia kusoma, muziki, uchongaji na uchoraji. Walifundishwa wapambe nyumba ya dini ya Wahispania waliowashinda vitani. Wengi wao hawakuandika majina yao popote, na mimi sioni namna ya kuusifu ufundi huo bila kulitaja hilo.

Mchongaji Bernardo de Legarda, yeye jina lake limebaki. Bikira wake mwenye mabawa, wa mwaka 1734, yuko kwenye altare kuu ya San Francisco, akimkanyaga joka huku mwili umejipinda kama anayecheza ngoma. Nakala yake ya alumini, yenye zaidi ya mita 40 pamoja na kitako, imesimama juu ya kilima cha Panecillo tangu miaka ya 1970. Ile kubwa inaonekana mji mzima, lakini wepesi wa kiuno umebaki kwa ile ndogo.

Ukienda, anzia Kanisa Kuu, macho yakiwa bado hayajapigwa na mng'aro, kisha nenda San Francisco. La Compañía iache iwe ya mwisho, na uwe na pesa mkononi, maana kuna kiingilio.